Maharage Hayana Kumbukumbu

Haya ni maneno kuhusu magonjwa ya kurithi niliyowaambia wazazi, walimu na vijana wachache tuliokutana Kirumba, Mwanza, Jumamosi asubuhi. Waliokosa ni wengi, na baadhi yao walikosa kwa sababu walikuwa wodini na watoto. Nimeyaandika yote kama nilivyoyasema, kwa ajili yao.

Mwangaluka, ndugu zangu! Mwangaluka tena! Wabeja sana. Bwana Yesu asifiwe. Assalaam aleikum.

Nimehesabu viti. Tuko watu wazima 34, na watoto 6 wanaocheza pale barazani. Mama mmoja amenishika mkono mlangoni akaniambia, "Pole mwalimu, watu hawajaja." Mama yangu, watu wamekuja. Habari niliyonayo leo sitaki kuipeleka uwanjani na spika kubwa. Nataka kuisema mahali ambapo mtu akitokwa na machozi, aliye jirani naye anamfikia kwa mkono.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia. Nimefundisha sekondari hapa Ilemela miaka 14. Kila mwaka tukifika mada ya urithi nachora boksi ubaoni, naligawa vyumba vinne, naweka herufi kubwa na herufi ndogo. Nasimulia habari za mtawa Gregor Mendel na njegere zake. Wanafunzi wananakili, wanafanya mtihani, wanafaulu, wanasahau. Na mimi nimelichora boksi lile miaka 5 mizima kabla sijajua kwamba nilikuwa nachora nyumba yangu mwenyewe.

Mwanangu wa kwanza ana miaka 9. Nimemwomba ruhusa nizungumze habari zake leo. Amenikubalia, kwa sharti nisitaje jina lake, na mimi nitalishika sharti hilo.

Alipokuwa na miezi 8 viganja vyake vilivimba, na nyayo zikavimba. Ngozi ikavutika hadi ikang'aa kama imepakwa mafuta. Vidole vilikuwa vinene, havikunjiki. Nikitaka kumvalisha soksi analia kilio ambacho sikuwahi kukisikia kwake, kilio cha chini, cha mtu aliyekwisha kuchoka. Nikampeleka kituo cha afya. Wakasema malaria. Tukatibu malaria. Baada ya wiki tatu, homa tena, macho yana umanjano. Malaria. Tukatibu tena. Miezi mitano, ndugu zangu, tulikwenda na kurudi hivyo.

Nyumbani nako maneno yakaanza. Mnayajua maneno hayo? Mama mkwe wangu, ambaye nampenda na yuko hapa mstari wa mbele, alisema, "Kwetu sisi ugonjwa huu haupo." Shangazi upande wangu akasema mtoto ameangaliwa kwa jicho baya. Jirani akaja na mtu wa kuchanja chale. Na mimi, mwalimu, mwenye shahada ukutani, nikawa usiku nakumbuka nilikula nini wakati wa mimba, nilimkosea nani, nilipita wapi.

Siku moja, katika hospitali nyingine, kijana wa maabara akamtazama mtoto, akanitazama mimi, akauliza: "Mama, mtoto huyu ameshapimwa sikoseli?" Swali la maneno machache. Hakuna mtu aliyekuwa ameliuliza kwa miezi mitano.

Majibu yalikuja kwenye karatasi ndogo. Herufi mbili: SS. Nilisimama pale dirishani nikazisoma. Nimeziandika ubaoni mara ngapi herufi za namna ile? Nikapimwa mimi: AS. Akapimwa baba yake: AS. Boksi langu la ubaoni, vyumba vyake vyote vinne, na chumba kimoja kati ya vinne ni SS.

Tuliporudi nyumbani tukamweleza mama mkwe. Alikaa kimya mpaka chai ikapoa. Kisha akasema, taratibu, "Kumbe yule mdogo wangu wa Magu. Alikuwa analia miguu. Kila masika alikuwa analia miguu." Mdogo wake alifariki akiwa na miaka 4, na kwa miaka zaidi ya hamsini ukoo ulikuwa na jina la mtu aliyedaiwa kumloga. Mama, asante kwa kuniruhusu niliseme hili.

Sasa naomba watu wawili waje mbele. Baba mwenye shati la bluu, njoo. Na wewe dada, njoo. Nimekuja na vikombe viwili vya plastiki na maharage. Njegere za Mendel hatuzijui, maharage tunayajua.

Kikombe cha baba kina maharage mawili: moja jekundu, moja jeupe. Cha mama vilevile. Jekundu, ile herufi A, ni maelekezo ya kawaida ya kutengeneza damu. Jeupe, ile S, ni maelekezo yenye kosa la herufi moja. Herufi moja tu! Ndani ya chembechembe za mwili kuna kitabu cha herufi kama bilioni 3 tulichopewa na baba, na kingine cha mama. Mnaniuliza, herufi moja inaweza kuharibu nini? Andikeni neno MBEGU. Badilini herufi ya mwisho: MBEGA. Moja unaipanda shambani, mwingine anapanda mtini.

Kosa hilo likiwa kwenye vitabu vyote viwili, chembe nyekundu ya damu, ambayo ni ya mviringo na laini, inajikunja mara inapoachia hewa safi. Inakuwa na umbo la mundu. Mundu tunaujua, tunakatia mpunga. Ndiyo maana sikoseli tunaiita selimundu. Chembe yenye umbo hilo haipiti kwenye mishipa myembamba. Inakwama, zinajazana nyuma yake, damu haifiki, na mfupa unauma kama unavunjwa. Chembe hizo pia hufa mapema. Ya kawaida huishi kama siku 120, hii hudumu wiki mbili tatu tu, ndiyo maana watoto wetu wanaishiwa damu na macho yanakuwa ya manjano.

Baba, funga macho, chota harage moja. Dada, na wewe. Onyesheni watu. Jekundu na jekundu: mtoto huyu hana hata kosa moja. Rudisheni, tikiseni. Choteni tena. Jeupe na jeupe: mtoto huyu ni mgonjwa. Rudisheni, tikiseni. Mara ya tatu: jekundu na jeupe. Huyu ni mbebaji, kama mimi, anaweza kuishi miaka yake yote bila kujua. Mara ya nne. Jeupe na jeupe tena.

Nasikia minong'ono. "Mwalimu, si ulisema mmoja kati ya wanne?" Ndiyo, nilisema. Na hapa wametoka wawili. Nafurahi imetokea hivi mbele yenu, kwa sababu hapa ndipo wazazi wengi tunapoumia. Nimemsikia baba mmoja akisema, "Tumeshampata mgonjwa wetu, sasa watatu wanaofuata ni salama." Walimpata wa pili mgonjwa, na wa tatu mgonjwa, na mke akaitwa mkosi. Ndugu zangu, maharage hayana kumbukumbu. Kila mimba vikombe vinatikiswa upya. Harage halijui kwamba mwaka juzi lilitoka jeupe. Kila mimba, nafasi ni moja kati ya nne. Kila mimba! Na nani alichagua harage? Baba, ulichagua? Ulifunga macho. Dada, ulichagua? Nani basi wa kulaumiwa hapa? Asanteni, kaeni. Wapigieni makofi.

Mtaniuliza: mbona jambo hili limekuwa letu sana, sisi watu wa ziwa? Mwaka 1949 kijana mmoja aliyekulia Kenya, Anthony Allison, akiwa bado anasomea udaktari Oxford, alizunguka Afrika Mashariki akipima damu za watu. Akaona jambo la ajabu. Pwani, na huku kwenye ukingo wa Ziwa Victoria, zaidi ya watu 20 katika kila 100 walikuwa wabebaji. Akipanda nyanda za juu zenye baridi, karibu hakuna. Akajiuliza, pwani na ziwani vina nini ambacho milimani hakuna? Ninyi mnajua jibu, mnalala nalo kila usiku chini ya chandarua. Mbu. Mwaka 1954 akachapisha: mtu mwenye harage moja jeupe na moja jekundu, malaria kali haimwangushi kwa urahisi. Kwa maelfu ya miaka, mtoto mbebaji alipona pale wenzake walipokufa, akakua, akazaa, akarithisha.

Nalisema hili kwa uzito wangu wote: harage jeupe lililo kwenye kikombe chako liliokoa bibi wa bibi yako. Halikuja kama laana. Lilikuja kama ngao, na watoto wenye mawili ndio wanaolipa gharama ya ngao hiyo. Lakini msinielewe vibaya. Mtoto mwenye SS hana kinga hiyo. Kwake malaria ni hatari sana, chandarua chake kisikose hata usiku mmoja.

Na hesabu ya Allison haijazeeka. Damu za watoto wachanga wa Kanda ya Ziwa zilipopimwa pale hospitali ya Bugando miaka hii ya karibuni, mmoja kati ya watano alikuwa mbebaji, na zaidi kidogo ya mmoja katika kila 100 alikuwa na ugonjwa wenyewe. Tazama kulia, tazama kushoto. Tuko 34. Kwa hesabu hiyo peke yake, wabebaji humu ndani ni kama sita au saba, na wengi wetu tumejua tu kwa sababu mtoto aliumwa.

Dawa? Hapa sitazunguka. Vidonge vya penisilini asubuhi na jioni, kuanzia mtoto akiwa na miezi michache mpaka afike miaka 5. Foliki asidi. Chanjo zote. Maji mengi. Asipigwe na baridi la ziwani alfajiri. Na haidroksiyurea, dawa inayopunguza kujikunja kwa chembe, muulize daktari wako habari zake, muulize kwa jina. Homa kwa mtoto wa selimundu ni safari ya hospitali usiku huohuo, hata kama mvua inanyesha, hata kama bodaboda anataka bei ya kuumiza. Mwaka 2023 Uingereza na Marekani walipitisha tiba inayosahihisha kazi ya vinasaba vyenyewe, na bei iliyotangazwa Marekani mwaka huo ilikuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Nchini kwetu Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imeanza kupandikiza uloto wa mifupa. Nashukuru Mungu kwa yote hayo. Lakini mtoto wako anayelala leo Igogo au Buswelu analindwa leo na kidonge cha penisilini na mama anayejua maana ya homa.

Sasa nataka tutoke kwenye selimundu. Najua humu kuna wazazi ambao watoto wao wana mambo mengine, na mara nyingi wakija kwenye mikutano wanakuta tunazungumza sikoseli peke yake.

Mnaliona ziwa dirishani? Kwa babu zetu hapa lilikuwa Nyanza. Waganda wanaliita Nalubaale. Agosti 1858 Mwingereza John Speke alifika hapahapa Mwanza, akalitazama, akalipa jina la malkia wake, Victoria. Sasa sikilizeni. Mwaka huohuo, huko London, malkia huyo alikuwa na mtoto wa kiume wa miaka 5, Leopold, ambaye akijigonga kidogo tu anavimba, akijikata damu haikatiki. Mtoto huyo alikuwa na hemofilia. Alikua, akaoa, na akiwa na miaka 30, mwaka 1884, aliteleza akaanguka huko Cannes, Ufaransa, akafariki. Mabinti wawili wa malkia, Alice na Beatrice, walikuwa wabebaji, wakaupeleka ugonjwa kwenye nyumba za kifalme za Ulaya. Kitukuu wake Alexei, mrithi wa ufalme wa Urusi aliyezaliwa 1904, alikuwa nao. Mwaka 2009 wanasayansi walipima mabaki ya mifupa ya familia ile ya Urusi, wakathibitisha: ni hemofilia, ile aina ya B.

Kwa hiyo ziwa tunalovua dagaa na sangara limebeba jina la mama aliyebeba ugonjwa wa nadra. Mama mwenye jumba la kifalme, madaktari, walinzi, fedha. Je, naye alilogwa?

Hemofilia inarithiwa kwa njia nyingine. Kitabu kile kina sura zinazoitwa kromosomu. Mwanamke ana kromosomu mbili za X, mwanamume ana X moja na Y moja. Kosa likiwa kwenye X moja ya mama, ile nyingine kwa kawaida inamkinga. Lakini mtoto wa kiume akiipokea hiyo yenye kosa, hana nyingine ya kumkinga. Ndiyo maana unakuta mama mzima, na mtoto wake wa kiume anatoka damu, na kaka yake mama aliwahi kutoka damu. Mjomba! Kwenye hemofilia ulizeni habari za mjomba.

Kuna familia moja ya wavuvi, upande wa Ukerewe, waliniruhusu niwasimulie bila kuwataja. Kijana wao alitahiriwa likizo ya Desemba. Kidonda hakikukatika damu siku ya kwanza. Siku ya pili, hivyohivyo. Siku ya tatu wakapanda meli kuja mjini, mama amemlaza mapajani, kanga yake na shuka mbili zimelowa. Hospitali ikawauliza kama kuna mwanaume kwenye ukoo wa mama aliyewahi kutoka damu namna hii. Mama akasema kaka yake alifia jandoni, na wazee walisema alivunja mwiko. Sikilizeni ukatili wake: mtoto wa miaka 11 anakufa kwa damu, halafu anazikwa na kosa juu yake. Yule mpwa alipona. Leo anajulikana ana nini, hachomwi sindano za msuli, hapewi asipirini, na akijigonga anajua aende wapi. Na mtoto wake wa kiume, Mungu akimjalia, hatakuwa na ugonjwa huu kutoka kwake, kwa sababu baba humpa mwana Y. Binti zake wote watakuwa wabebaji. Hayo anayajua akiwa na miaka 15. Mjomba wake hakuyajua, wala aliyemtahiri.

Niseme na jambo ambalo kwetu Kanda ya Ziwa ni kidonda. Ualbino. Tanzania inakadiriwa mtu mmoja kati ya 1,400 ana ualbino, na Ulaya ni mmoja kati ya 17,000 au zaidi. Kosa ni jingine, lakini maharage yaleyale, vikombe vilevile: baba ni mbebaji, mama ni mbebaji, wote weusi kama mimi, hawajui. Mtoto anazaliwa, baba anamtazama, anaondoka. Nimewafundisha watoto watatu ambao baba zao waliondoka hivyo wodini. Watatu! Baba zangu, nawaomba mnitazame. Mtoto mwenye ualbino ana harage lako. Asingeweza kuwa na ualbino bila harage lako.

Mnakumbuka miaka ile ya 2007 na 2008? Mimi nilikuwa msichana, tulikuwa tunasikia redioni kila wiki. Sitarudia yaliyofanyika, watoto wako barazani. Nitasema tu kwamba watu waliofanya yale walikuwa wameambiwa kuwa binadamu mwenzao ni kiumbe kingine, na hakuna aliyekuwa amewaonyesha maharage.

Na mimi nina deni langu. Mwaka wangu wa pili wa ualimu nilikuwa na kijana mwenye ualbino, mrefu kuliko wenzake. Nikampeleka nyuma ili asiwazibe. Muhula mzima alikaa nyuma. Alikuwa anaomba daftari la jirani, analisogeza hadi pua inagusa karatasi. Nikadhani ni mzembe wa kunakili. Ualbino unagusa macho, ndugu zangu, mboni zinacheza, na kuona mbali kunakuwa shida hata ukivaa miwani. Alifeli somo langu. Siku nilipolielewa hilo alikuwa ameshaondoka shuleni. Walimu mlio hapa, mtoto mwenye ualbino anakaa mbele, na jua la saa sita lisimkute mstarini bila kofia pana na mikono mirefu. Kinachowaua wengi ni saratani ya ngozi, na saratani hiyo inazuilika. Yapo mafuta ya kukinga jua yanayotengenezwa hapahapa nchini, Moshi, pale hospitali ya KCMC. Ulizeni kliniki ya ngozi.

Wa mwisho ni wale ambao ugonjwa wao hauna hata jina mtaani. Ulaya, ugonjwa ukiwapata watu wasiozidi mmoja kati ya 2,000 unaitwa wa nadra. Yapo maelfu ya magonjwa ya namna hiyo, mengi yanatokana na vinasaba, na ukijumlisha wagonjwa wote duniani unapata watu kama milioni 300. Tangu 2008 wana siku yao, siku ya mwisho ya Februari. Wachache wachache, kila mmoja kwake, lakini ukiwajumlisha ni taifa.

Bibi mmoja wa Sengerema alikuwa analea mjukuu wa kiume. Mtoto alitembea vizuri, kisha akaanza kuanguka. Kila alikokwenda alipewa vitamini. Bibi alisoma mpaka darasa la nne tu, lakini alinunua daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma, akawa anaandika. Nimelishika daftari hilo. Penseli, herufi kubwa kubwa, tarehe pembeni. "Leo ameanguka mara 3." "Leo ameshindwa ngazi za kanisa." "Miguu chini ya goti imenenepa lakini haina nguvu." Na ukurasa mmoja: "Akitaka kuinuka anashika magoti, anapanda juu ya mapaja yake kwa mikono, kama anapanda mti."

Daktari mmoja alipofika kwenye mstari huo aliacha kusoma. Akamwomba mtoto akae chini, kisha ainuke. Mtoto akainuka vilevile. Ni ugonjwa wa misuli uitwao Duchenne, unaopita kwenye X kama hemofilia, na alama hiyo ya kujipanda kwa mikono madaktari wanaijua zaidi ya miaka mia moja. Bibi aliiandika bila kufundishwa na mtu. Hauna tiba ya kuuondoa. Zipo dawa za kuupunguza mwendo, yapo mazoezi, na mama wa mtoto alijua kwa nini, na akajua pia kwamba mara nyingine kosa hili huanza jipya kwa mtoto bila kutoka kwa yeyote. Aliniambia, "Mwalimu, nililala usingizi siku ile." Mtoto hakuponywa, na mama alilala usingizi. Mwenye mtoto asiyejulikana anaumwa nini anaelewa.

Basi andikeni. Tarehe, kilichotokea, kilichoonekana. Akianguka namna fulani, mrekodi kwa simu, umwonyeshe daktari. Umwonyeshe daktari, nasema! Msiirushe video hiyo kwenye makundi ya WhatsApp ili watu watume alama za kulia. Mtoto ana aibu yake. Mwanangu ana miaka 9 na ameniwekea sharti.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Na mimi nawaelewa wanaoficha, maana nilificha mwaka mzima. Niliogopa wanafunzi wangu, niliogopa wifi zangu. Nilipomweleza mtu wa kwanza, mwalimu mwenzangu, jikoni kwangu, tunachambua mchicha, aliweka kisu chini akasema, "Na wangu." Miaka 4 tumekaa chumba kimoja cha walimu! Hapo ndipo kikundi hiki kilipoanza, watu wawili na fungu la mchicha.

Vijana mnaotaka kuoana, mmeniuliza kwenye vikaratasi: mkipimwa mkakutwa wote AS, muachane? Mimi sitawaambia muachane, wala siungi mkono wanaotaka majibu yasomwe mbele ya watu kanisani au msikitini. Pimeni mapema, kabla mahari haijazungumzwa. Kaeni na mshauri, mjue vikombe vyenu vina nini, muamue wawili. Mimi na baba yake tumepata mtoto wa pili, msichana, tukiwa tunajua. Tulimpima wiki ya kwanza. Ni AS. Wa tatu hatujaamua, na tukiamua tutakuwa tumefungua macho.

Pale kwenye meza ya nyuma kuna darubini ya shule, mkuu wangu ameniazima mpaka saa nane. Nimeweka vioo viwili, damu yangu na damu ya mwanangu. Hiyo ya pili ndiye mwenyewe aliyeomba muione, akasema, "Waonyeshe mundu zangu." Njooni wawili wawili, msisukumane, na aliyevaa miwani aivue. Kijana wa maabara niliyewaambia habari zake ndiye amesimama pale karibu na darubini. Amekuja na vipimo vya tone moja la damu, kwa atakayependa, na majibu atampa mtu mwenyewe, pembeni, kwa sauti ya chini.

Na mama wa Igombe ameniomba dakika tano. Hajawahi kusimama mbele ya watu kusema habari za mtoto wake. Mama, karibu. Ukitaka kusema ukiwa umekaa, kaa hapohapo, tutageuza viti.